Mtafute Aliyenyamaza

Siku yake ya kwanza kazini, hospitali ya misheni huku Nachingwea, Bibi yangu alikabidhiwa mkasi wa kuchania nguo za majeruhi, ili kidonda kisijifiche. Gari la abiria lilikuwa limepinduka, wodi kelele tupu, naye akamkimbilia aliyelia zaidi. Matroni akamvuta kola.

"We binti, anayelia ana pumzi. Mtafute aliyenyamaza!"

Alinisimulia haya jana mchana tukibangua korosho. Mimi sikutulia, nakaa nainuka. Alidhani uvivu.

Simulizi yake ikafika kwa mkulima mmoja wa Chiola aliyeangushwa na pikapu pamoja na baiskeli yake. Dereva Mngoni, mkulima Mmwera, makabila ya watani, basi utani ukaanza palepale barabarani.

"Mmwera, umenivunjia taa kwa kichwa chako!"

"Lete na ya pili nimalizie."

Watu wakacheka, wakaagana. Mtani hashtakiwi. Mkulima hakwenda hospitali, wala polisi kuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi. Namba ya gari hakuna aliyeishika. Siku ya tatu aliletwa tumbo gumu kama ubao, bega la kushoto likimuuma. Bandama ilikuwa inavuja damu taratibu, maumivu yakipandia begani. Alifariki kabla daktari hajamaliza kunawa mikono.

"Ukigongwa, hospitali, hata kama unatembea," Bibi akasema. "Siku hizi dharura unatibiwa kwanza, fomu inafuata. Mie nimestaafu, lakini nikisikia honi ndefu mkono bado unatafuta mkasi."

Nikaacha kubangua. Jumamosi, nikirudi kutoka Ruangwa, gari liligonga bodaboda niliyopanda. Dereva alikuwa mwalimu wangu wa fizikia. Niko chini, sketi vumbi tupu, aibu imezidi maumivu. Nikasema, "Shikamoo mwalimu. Sijaumia." Sasa bega la kushoto lilikuwa linauma, na bega sikuligonga.

"Bibi, mimi nimenyamaza tangu Jumamosi."

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alinibonyeza tumbo, uso ukambadilika, akampigia mwalimu simu alete gari hilohilo.

Naandika nikiwa nimelazwa. Bandama imechanika kidogo, wanaichunga. Mwalimu alikwenda mwenyewe polisi kueleza, akarudi na PF3. Jana tulipofika hapa, mkono wangu haukuinuka kuvua blauzi, muuguzi akaja na mkasi. Nikamwambia polepole kwamba blauzi yangu nzuri ni hii moja.

"Kata," Bibi akasema.