Treni Isiyofika Kilosa

Sogea karibu, msikilizaji wangu, maana jambo lenyewe ni dogo na linasikika vizuri kwa aliye karibu. Nataka nikusimulie safari yangu ya kutoka Gairo hadi Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, nilipopeleka reli kwa basi.

Huenda hujakutana na mtu mwenye shughuli kama yangu, basi nikueleze taratibu. Natengeneza treni ndogo za mfano, zile za zamani zilizokwenda kwa moto na mvuke. Reli nazitoa kwenye mbavu za miavuli iliyoharibika. Mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli, ni vijiti vya aiskrimu vilivyokatwa. Kopo jembamba la dawa ya mbu, ukilikata vizuri, linakuwa tumbo la kichwa cha treni, pale maji yalipochemkia. Si kazi ngumu. Mwenye kisu, gundi na subira anaiweza. Gairo hakuna reli, kwa hiyo niliowafundisha shule wakipita barazani kwangu huniuliza, "Mwalimu, treni yako inakwenda wapi?" Nami huwajibu, "Kilosa."

Sababu ya kuondoka ilikuwa macho ya mtu. Mtu huyo ni Kobero, seremala mstaafu, ambaye namwita kaka ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Tulikulia kota za reli mjini Morogoro, mlango kwa mlango. Baba yake alikuwa dereva wa gari moshi, baba yangu mchochea moto wake. Asubuhi tulisimama uani kuwaona wakiondoka kuelekea Kilosa: moshi kwanza, kisha honi, kisha baba zetu wakitupungia mikono iliyojaa mafuta. Kurudi walirudi. Lakini kufika kwao Kilosa hatukukuona hata mara moja. Sisi watoto wa kota tuliijua ile treni kwa mgongo wake.

Uzeeni tukakubaliana kuitengeneza njia ile yote. Yeye achukue Morogoro hadi Mkata, mimi Mkata hadi Kilosa, kisha tuunganishe mbao tulizojengea njia, tuione treni inafika. Tulipanga kwa simu, na upana wa njia ulikuwa suala la kwanza. "Upana wa kiberiti," alisema. "Kila duka lina kiberiti, hatutapishana." Nikakubali. Kazi ilichukua kiangazi na masika yake. Kabla hatujamaliza, presha ya macho ikamshika. Daktari akamwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitafuata. Ndipo akanipigia tena: "Mwalimu, lete Kilosa. Nimebakiwa na tundu la kuchungulia."

Gairo, alfajiri. Nilizifunga mbao zangu kwa blanketi na kamba ya katani. Konda wa basi akazigonga kwa kidole.

"Mama, hiki ni kitanda?"

"Ni reli."

Akamgeukia dereva. "Bosi, huyu mama hatuamini. Amekuja na njia yake."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini niliposikia mlango wa buti ukifungwa kwa kishindo nilishtuka, kama niliyemwacha mtoto huko ndani.

Dumila, basi liliposimama na wauza nyanya wakanyanyua ndoo zao hadi madirishani, nilishuka kuangalia. Kilosa yangu ilikuwa salama: stesheni, tangi la maji, hata benchi la abiria. Nikanunua nyanya za kumpelekea wifi yangu, mke wa Kobero. Tulipovuka mashamba ya mpunga ya Dakawa, Uluguru ikaanza kujitokeza mbele yetu, bluu kwanza, halafu kijani, wingu limekaa begani. Nilipoiona niliamini kabisa kwamba tutafanikiwa. Nakwambia hivi ili ujue nilivyokuwa.

Msamvu, kituo cha mabasi cha Morogoro, nilikodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, mbao zikalala nyuma nami nikakaa nazo. Tulipofika Bigwa kabla ya adhuhuri, wifi alikuwa amesimama getini, kanga kiunoni.

"Karibu, wifi. Huyu mume wangu amekungoja kuliko anavyoningoja mimi nikienda Mgeta kwa siku tatu."

"Wewe humletei Kilosa."

"Mimi namletea kabichi. Na anazila."

Kobero alikuwa barazani, uso ameuelekeza mlimani. "Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu." Aligeuza kichwa polepole, akawa ananitafuta kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano. Alikuta kwanza bega langu, halafu shingo, halafu akanipata. "Umezeeka vizuri," akasema. "Au ni hilo sikio tu. Mengine sijayaona."

Alinieleza hali yake bila kujihurumia. Mchana hadi jioni huona ukungu mtupu. Asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya nyumba, jicho moja humpa kiduara. Kiduara hicho kilikuwa kinapungua kila wiki. Kwa hiyo tukaamua kungoja asubuhi.

Bigwa, asubuhi iliyofuata. Tulizipanga mbao zote barazani. Upande wake ulikuwa mzuri, msikilizaji, nisikufiche. Nyuma ya stesheni ya Morogoro alikuwa amechonga Uluguru kwa mbao za mninga, na mabonde yake ameyakwangua kwa patasi. Kichwa cha treni nacho alikitengeneza yeye, kikiendeshwa na mota ya redio kaseti na betri zilizofichwa kwenye behewa la nyuma. Wifi akaleta kaa dogo la moto, akaliweka juu ya kipande cha udi ndani ya bomba la moshi la treni. Moshi ukapanda.

"Sasa inanuka harusi," wifi akasema.

"Nyamaza, mama," Kobero akamwambia. "Inaondoka."

Ikaondoka. Ilipita chini ya mlima, ikaingia kwenye nyika ya Mkata, magurudumu yakilia kwenye maungio ya reli jinsi yalivyolia yale makubwa. Kobero aliifuata kwa kichwa chake kizima, mdomo wazi. Mimi niliushika ubao wangu pale mbao mbili zilipokutana, reli yangu imeigusa yake. Treni ikavuka kiungo. Ikalia vibaya, ikazama katikati ya reli zangu, ikalala juu ya mataruma huku magurudumu yakizunguka bure.

Niliirudisha nyuma, ikazama tena. Mara ya tatu Kobero akanishika mkono.

"Ulipimaje?"

"Upana wa kiberiti, kaka. Kama tulivyosema."

"Ulikiweka wapi?"

"Katikati. Nilikibana ndani ya reli mbili."

Akazipapasa reli zake. "Mimi nilikilaza juu ya reli. Kikafunika reli zote mbili, ukingo kwa ukingo."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Njia yake ilikuwa nyembamba kuliko yangu kwa unene wa reli mbili, na treni iliundwa kwa njia yake. Ukipanua magurudumu yafae kwangu, haitoki Morogoro. Ukiyaacha, haifiki Kilosa. Tuliongea kwenye simu miezi yote ile, tukabishana hata rangi ya tangi la maji, lakini hakuna aliyemuuliza mwenzake kiberiti amekiweka wapi.

Nilichukua kisu nikajaribu kung'oa kipande cha karibu na Kimamba, stesheni iliyo kabla ya Kilosa, nikisogeze ndani. Gundi ilikuwa imekauka kama jiwe. Mataruma yakapasuka, reli ikapinda. Wifi akashika kiganja changu.

"Utajikata. Acha."

"Nitaijenga upya," nikamwambia Kobero. "Nitarudi nayo."

"Ijenge. Mikono yako ni mizuri." Alisema kwa upole, kama anayemtia moyo mtoto. "Ila mimi sitakuwa na macho ya kuipokea."

Jua lilikuwa linapanda, na kiduara chake kingefungwa muda si mrefu. Nikaichukua treni, nikaivusha kwa mkono juu ya Kimamba iliyobomoka, nikaituliza taratibu kwenye stesheni ya Kilosa. Sikutaka kumdanganya. Nilitaka tu iwe pale.

"Umeibeba," akasema.

"Nimeibeba, kaka."

"Haikulia njiani. Nilijua."

Nikaushika mkono wake, nikauweka juu ya paa la stesheni, kisha kwenye tangi, kisha kwenye benchi. Alivigusa vyote, akavisifu kimoja kimoja. Halafu akautoa mkono. "Vidole vinaona vitu vilivyosimama, Mwalimu. Treni inayokwenda haishikiki." Akageuza uso kuelekea mlimani, na sikumuuliza kama anauona.

Safari ya kurudi. Nilitaka kumwachia Kilosa, akakataa. "Ichukue," akasema. "Ikikaa hapa nitaingoja." Wifi alifunga blanketi mwenyewe, akanijazia kapu la kabichi, hakutania. Kutoka Msamvu hadi Dumila sikushuka kuangalia mzigo. Nyuma yetu mlima ulirudi kuwa bluu, halafu ukawa wingu, nami nikawaza kwamba hivyo ndivyo anavyoupoteza yeye.

Ubao wa Kilosa sasa umesimama ukutani kwangu, Kimamba yake imevunjika. Bado sijakishika kisu. Kobero akipiga simu tunazungumzia mvua, bei ya mahindi, na baba zetu. Juzi alinambia kiduara kimefunga.

Lakini wewe una macho, na huenda una rafiki wa mbali unayetaka kujenga naye. Jenga, usiogope. Nilichojifunza ni hiki: neno moja lililokubaliwa na watu wawili linaweza kuwa vipimo viwili. Kwa hiyo, kabla hamjafungua gundi, kata kijiti kinachoingia sawasawa kati ya reli na reli, upande wa ndani. Kata cha pili kinacholingana nacho. Kimoja baki nacho, kingine mpelekee mwenzako, umtie mkononi.