Ukuta wa Mama

Wageni wenye kamera huishia Kilwa, kwenye misikiti ya mawe. Msikiti wetu wa Kiswere ulikuwa wa miti na udongo, na aliyeujenga hajulikani. Ukimuuliza mzee yeyote atakwambia aliukuta, na babu yake naye aliukuta. Kila Shaabani, kabla ya mfungo, wanawake waliukandika upya kwa mikono. Hawakuswali ndani, lakini kila ukoo ulikuwa na kipande chake cha ukuta, na binti alikirithi kwa mama yake. Chetu kilikuwa mgongo wa kibla, pale ukuta unapotuna kwa nje.

"Bila mimi," mama alikuwa akisema, "imamu angesujudu mpaka barabarani."

Udongo wake aliuchimba kwenye kichuguu, akauchekecha, akaukanyaga kwa miguu mpaka ushikane. Nikizubaa ananipigia kelele, "Udongo uwahi ungali maji, we mtoto!" Nilikuwa nimeolewa Mitwero, nina watoto wangu, na bado ananiita mtoto.

Kisha magoti yakaanza kumsumbua. Kaka yangu alikuwa kwenye kamati ya msikiti, na akawashawishi wenzake wapige lipu ya saruji juu ya ule udongo, nje na ndani, ili mama zetu wapumzike. Watu walishukuru sana. Mama alipapasa ile lipu kwa kiganja, akauliza, "Sasa ukuta utapumulia wapi?" Wakacheka, wakadhani ni uzee.

Masika ikaja. Maji yaliingia kwa juu, yakakosa pa kutokea. Asubuhi moja kibla ikaanguka. Udongo ulikuwa umegeuka uji, vipande vya saruji vimebaki vimesimama kama maganda ya yai. Husemwa nia njema ni tabibu. Safari hii tabibu alimuua mgonjwa. Nilimwambia kaka maneno hayo hayo mbele ya watu, na tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana tu.

Kamati ikaamua kujenga wa matofali. Mama hakulalamika. Aliendelea kwenda kichuguuni kwa mkongojo, anarudi na udongo kidogo kidogo, anauchekecha na kuutia kwenye ndoo nyuma ya jiko, kisha anaifunika. Alitaka kukandika mara moja tu kabla hajafa. Nilipokuja kumtazama nikaiona ile ndoo, moyo ukanivunjika.

"Mama, msikiti ni wa matofali sasa. Hakuna ukuta wa kukandika."

"Ukuta haukosekani," akanijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Alifariki Shaabani ilipoandama. Tulimwosha, tukamvika sanda. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilijua mwisho wangu naye ni mlangoni. Nilikuwa nimekaa jikoni nalia kaka akaingia, miguu imejaa mchanga. Walikuwa wamemaliza kuchimba kaburi.

"Dada," akasema. "Kule ni mchanga mtupu. Hautaziba nyufa za mbao za mwanandani, pale atakapolazwa. Ule udongo wa mama bado upo?"

Nilitaka kumwambia haumhusu. Nikamwangalia usoni, nikaona hajalala. Nikaifunua ndoo.

Niliumimina uwanjani, nikatia maji, nikavua viatu. Niliukanyaga kama alivyonifundisha, kisha nikaukanda kwa mikono mpaka ukawa laini, hauna jiwe wala mzizi. Kaka alisimama pembeni na ndoo. Nilipomaliza kumjazia nilimwambia aukandike vizuri, asiache tundu, na asiukawize ukakauka.

"Nitaukandika, dada," akasema.

Jeneza likatoka, na yeye nyuma yake na ndoo. Nikabaki mlangoni. Shangazi akaniletea maji ninawe mikono. Nikamwambia asubiri, kwanza wafike kaburini.