Siku Mama Aliposhinda Kesi

Juzi, nje ya mahakama Kahama, nilimwona mwanamke aliyefungwa bendeji mkononi, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu kule Ushetu. Mama alikuwa amemshtaki baba kwenye baraza la mtemi, chifu wetu, kwa kumvunja mkono. Niliketi sakafuni, chumba kikinuka tumbaku na jasho. Mtemi alimtoza baba faini, kisha akaivunja ndoa.

"Mama yako ameshinda, Kabula," karani aliniambia.

Nilifurahi. Nilidhani kushinda ni kurudi nyumbani sote, bila kipigo tena. Sikujua kwamba ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa, hivyo watoto tulikuwa wa baba.

"Mayu, twende," nilimwambia mama tulipotoka.

"Wewe nenda na baba yako."

Akashika njia ya kwao. Nilimfuata baba kwa nyuma mpaka nyumbani.