Spana Mbili za Kumi na Saba

Mara ya kwanza nilipopeleka gari langu kwenye siku ya mazoezi ya mbio, lilirudi likiwa juu ya lori. Si hilo lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba lori lenyewe lilipita katikati ya soko la Kebirigo mchana kweupe, nami nimeketi kando ya dereva wake kama mgonjwa anayerudishwa kwao. Nimeolewa Kebirigo. Kila anayeuza ndizi pale anajua mimi ni mke wa nani. Kufikia jioni mume wangu, anayefanya kazi Nairobi, alikuwa amepigiwa simu na nusu ya ukoo, na wa mwisho kumpigia alikuwa mama yake.

Mimi ni mfamasia mjini Kisii. Kutwa nasimama nyuma ya kaunta nikihesabu vidonge na kuwasihi watu wamalize dozi. Lakini mara chache kwa mwaka, watu kama mimi wenye magari ya kawaida hukutana kwenye kiwanja cha udongo mwekundu ng'ambo ya Kericho, kila mmoja akakimbiza gari lake peke yake na kushindana na saa tu. Gari langu ndilo hilo hilo linalopeleka watoto shuleni na kubeba mbolea ya chai. Ndiyo maana mume wangu, mtu mpole asiyenikataza kitu, aliniwekea sharti moja: likibebwa na lori mara ya pili, niache mchezo huo kabisa. Kwa kiburi changu nikamjibu, "Likibebwa tena, naacha." Nilijuta hata kabla sijakata simu. Napenda lile vumbi kuliko ninavyoweza kumweleza mtu, na sasa nilikuwa nimeliweka rehani kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wiki chache baadaye mama mkwe akanipigia simu. Baba mkwe anataka nifike Ijumaa asubuhi, na nije na vifaa vyangu vyote vya gari.

Sasa, baba mkwe wangu. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai kwa miaka mingi, hadi alipostaafu. Zaidi ya hayo sikumjua, na haikutakiwa nimjue. Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima inayowatenganisha watu wa vizazi viwili, na kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe ndiko inakobana zaidi. Haingii nyumbani kwangu. Hatupeani mikono. Akitaka kunipa kitu anakiweka chini, nami nakiokota. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa nilikuwa nimesikia kwake salamu na sala ya kabla ya chakula, basi. Nikajua naitiwa hukumu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba la chai, ameketi kwenye kigoda na uso ameuelekeza kwenye majani. Mbele yake alikuwa ametandaza gunia. Mkononi alikuwa na fimbo nyembamba ya mkaratusi.

"Toa vyote," alisema.

Nikafungua sanduku langu kwa maringo. Lilikuwa jipya, la vipande mia na kitu, kila kipande kimelala kwenye shimo lake na kung'aa. Nikavipanga juu ya gunia. Yeye akagusa kimoja kwa ncha ya fimbo.

"Hii inafungua nini kwenye gari lako?"

Sikujua. Fimbo ikakisukuma hadi kwenye nyasi.

"Na hii?"

Nilikwenda hadi kwenye gari, nikafungua boneti, nikagusa nati, nikarudi. Kile kikabaki guniani. Tukaendelea hivyo, mimi naenda na kurudi, yeye anatazama chai. Kufikia saa sita utukufu wangu wote ulikuwa umelala kwenye nyasi, na guniani vimebaki vifaa vya kujaza kofia. Hasira zilikuwa zimenipanda. Mashine yangu ndogo ya kusoma hitilafu za injini, niliyokuwa naionea fahari kuliko vyote, nayo ikasukumwa.

"Tata, hiyo ni ya maana," nilisema, nikimwita baba kwa Kigusii. "Inaniambia gari linaumwa wapi."

"Itakuambia ni mgonjwa. Wewe si unauza dawa? Beba dawa."

Sikutaka kucheka, nikacheka.

Kisha akaanza kuongeza vyake. Vigogo viwili vya mkaratusi alivyovikata sawasawa, vya kuweka chini ya gari, kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Ubao mpana wa kukalia jeki, maana udongo wa kule ni laini. Kipande cha bomba cha kurefusha spana ya magurudumu, ili mtu mwembamba kama mimi asipigane na nati. Waya wa kufungia, vipande vya tyubu ya baiskeli, mtungi wa maji, mafuta ya breki. Kila kitu alikitaja pamoja na sababu yake, na kila sababu ilikuwa fupi. Nimesoma chuo kikuu, nimefundishwa na maprofesa. Sijawahi kufundishwa vizuri hivyo.

Mwisho akasogeza kwa fimbo spana mbili kuukuu za namba kumi na saba, zimelika mpaka namba zenyewe zinasomeka kwa shida.

"Moja inatosha," nilisema. "Ya pili ni mzigo."

"Gari lako linagonga ukiingiza gia ya pili. Nalisikia likipanda kilima. Ule mpira wa nyuma unaoshikilia injini umechoka. Utavumilia, lakini bolti yake italegea. Na bolti ina kichwa juu, ina nati chini. Ukizungusha chini, juu panazunguka. Nani ameshika?"

"Nitashika mwenyewe."

"Una mikono mirefu," alisema, akiitazama chai.

Nilikuwa nimekasirika na kuvutiwa kwa wakati mmoja. Mtu huyu hakuwa amewahi kukaribia boneti ya gari langu. Alilijua kwa kulisikia tu likipita, jinsi mimi ninavyokijua kifua cha mtu kikohozi chake kikiwa bado mlangoni.

Tulimaliza jua likiwa bado juu kidogo. Wao ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, spana nazo zinapumzika. Mama mkwe alituletea chai, baba mkwe akaipokea kikombe kikiwa nusu, kama kawaida yake. Siku zote nilidhani ni tabia ya mtu aliyeshiba chai kiwandani.

Jumapili alfajiri, nikielekea kwenye mazoezi ya mbio, nilipopita kuwaachia watoto, alikuwa amesimama langoni na koti na kofia. "Nakwenda pia," alisema, akaingia kiti cha nyuma, upande ule wa mbali na wangu. Hadi Kericho alitazama mashamba dirishani.

Mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa mitamu mpaka nikapiga kelele peke yangu ndani ya helmeti. Wa tatu, nikikata kona, injini iliruka kwa kishindo na gia ikakataa kuingia. Nikajikokota hadi pembeni. Msimamizi wa kiwanja akaja, akainama, akasema injini imelegea. Nikishindwa kuikaza, lori lipo, linapakia saa nane. Nililiona lile lori. Dereva wake alikuwa anakula muhogo kwa utulivu.

"Ubao," sauti ilisema nyuma yangu. "Kisha jeki. Kisha vigogo."

Nilifanya kama alivyosema. Halafu ikabidi nilale chali chini ya gari, ndani ya ovaroli, miguu ikiwa nje, mbele ya baba wa mume wangu. Mwanamke wa Kigusii atanielewa. Kabla sijainama, yeye alikuwa ameshageuka, akanipa mgongo, akayakazia macho mashamba ya watu upande wa pili. Na kutoka hapo, bila kuona chochote, akaniongoza. "Pitisha mkono nyuma ya bomba la moshi. Umefika? Teremka kidogo. Hapo pana nati." Na kweli, hapo palikuwa na nati.

Nikaizungusha. Bolti nzima ikazunguka nayo. Nikajaribu tena, ikazunguka tena. Madereva wawili wakaja kusaidia, wanaume wema wenye glavu za bei, wakajaribu kufikia kichwa cha bolti kwa juu. Nafasi ya nyuma ya injini ni finyu; mikono yao minene ilikwama kwenye kiwiko. Mmoja wao akasema kwa upole kwamba lori si mwisho wa dunia. Kwangu ulikuwa mwisho wenyewe. Machozi yalinitoka nikiwa nimelala pale, yakateremka kuingia masikioni.

Kisha nikasikia koti likivuliwa.

"Tata, hapana," nilisema kutoka chini.

"Spana si mkono," alijibu.

Kupitia mwanya mwembamba niliona kidevu chake kimeinuliwa, uso umetazama mawingu. Mkono wake mkavu ukateremka nyuma ya injini, ukapotea. Spana ikagonga chuma. Ikagonga tena, na tena, kwa kasi, kama meno ya mtu mwenye homa. Nikadhani anatafuta kichwa cha bolti. Lakini alikuwa ameshakishika. Ule mgongano ukashuka kupitia bolti, ukaingia kwenye nati, kwenye spana yangu, kwenye vidole vyangu, na hapo ndipo nilipoelewa. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Haukuwa uchovu wala baridi. Mimi huwapa watu dawa za mtetemeko ule kila wiki.

Miaka yote nilidhani ni chinsoni peke yake iliyomfanya aniwekee vitu chini. Huyu alikuwa fundi, na mikono ilikuwa imemkimbia, na alikuwa amehakikisha mimi hasa sijui. Sasa alikuwa amenishikisha siri hiyo mwenyewe, mbele ya watu, ili gari langu lisipande lori.

"Zungusha," alisema.

Nikazungusha. Nati ilipoanza kubana, mtetemo ukapungua, kisha ukatulia, kwa kuwa alikuwa ameegemeza mkono wote kwenye chuma na kushikilia kwa uzito wa mwili. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote wa ukoo ule, mume wangu akiwemo, Mungu anisamehe.

"Imekaza?"

"Imekaza, Tata."

Nilikimbia mizunguko mingine miwili, taratibu, kisha tukarudi nyumbani. Tulipita Kebirigo kwa magurudumu yetu manne, na sikupiga honi, ingawa nilitaka.

Mama mkwe alikuwa langoni, simu sikioni, mume wangu upande wa pili wa laini. "Limekuja lenyewe," alimwambia. Kisha akamgeukia mumewe. "Halikuharibika?"

"Liliharibika."

"Nani alilitengeneza?"

"Mokamwana," alisema, yaani mke wa mwana, akivaa koti lake. "Mimi nilisimama tu."

Mama mkwe akanitazama, akingoja. Mdomo wangu haujawahi kumwachia mtu neno, na pale nilikuwa nayo mengi. Nilitaka soko zima lijue alichofanya. Mzee alikuwa amegeuka, anatazama chai.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Alisimama tu."