Kidari cha Baba Mkubwa

Naona aibu hata kusema, lakini bora mnisikie mimi kabla hamjamsikia Eliya. Eliya ni rafiki yangu, mtu wa Marangu, mimi fundi cherehani wa Majengo, na yote yalianza siku aliyokuja kibandani kwangu kunisimulia safari yake ya nyama choma, alivyoanza na mbavu pale Himo, akapita Mwika, akaishia Tarakea, na kila kituo mate yananijaa mdomoni mpaka nikashona mfuko wa suruali ya mteja ukazibika kabisa.

"Na zote hizo si kitu," akamaliza, "hujala kidari cha mbuzi wa nyumbani kwetu! Jumamosi mimi na Ndeshi tunabarikiwa uchumba. Twende."

Nikaenda. Jamani, watu wa kule wanachoma! Mbuzi mzima (alichinjwa na jirani Mwislamu, kwa heshima yangu), moshi unapanda kwenye migomba, mlima umejifunua mweupe juu yetu, mimi nimeduwaa tu. Pembeni, juu ya jani la mgomba, kidari kimeiva, kinachuruzika mafuta. Nikajua ndicho nilichoitiwa. Nikaonja kidogo (kidogo, nawaambia), nikafumba macho kwa utamu, nilipoyafumbua umebaki mfupa.

"Kidari cha baba mkubwa kiko wapi?" Eliya akauliza.

Kumbe kule kidari ni cha mkubwa wa ukoo, akishakila ndipo anasimama kubariki. Nikauficha mfupa ndani ya koti. Mbwa akaanza kunifuata, nikisogea anasogea, mpaka ukoo mzima ukawa unatutazama sisi wawili. Ndeshi machozi yakamlengalenga, maana bila kidari hakuna baraka.

"Shikamoo baba," nikamwambia baba mkubwa, nikautoa mfupa. "Nimekila mimi."

"Marahaba." Mzee akautazama mfupa, akanitazama. "Basi aliyekila ndiye mkubwa. Simama ubariki."

Nikasimama, mafuta mpaka kidevuni, likanitoka lililokuwa moyoni: "Wanangu, msile cha mtu bila kuuliza."

Kina mama wakaangua kicheko na vigelegele, mzee akajifuta machozi, akasema katika ndoa hakuna neno lingine zaidi ya hilo, akawawekea Eliya na Ndeshi mikono vichwani.

Naapa, siku hizi hata ugali nauliza kwanza ni wa nani. Lakini nimechelewa: nina miaka thelathini na moja, na kule Marangu wazee wenye mvi wananiamkia shikamoo.