Mahali Jua Liliposimama

Kila nikimenya chungwa, harufu ya ganda lake hunirudisha jikoni kwetu Riverside, kaskazini mwa mji wa Buffalo, Marekani. Baba amerudi kutoka kiwandani, mikono yake bado inanuka mafuta ya mashine. Jumapili alikuwa mchungaji wa kanisa letu dogo la watu waliotoka milimani Kivu, Kongo.

Nilizungusha chungwa mbele ya taa, nikamweleza tuliyofundishwa shuleni: dunia ndiyo inayozunguka jua, na mzee mmoja wa Italia aliyeyasema hayo zamani alipigishwa magoti na wakubwa wa kanisa mpaka akayakana.

“Bon, sawa,” baba akasema. “Kama jua haitembei, Yoshua wa kwenye Biblia alisimamisha nini?”

“Sijui, papa.”

“Na ule mzee, walimuacha?”

“Walimfungia nyumbani kwake mpaka akafa.”

Akalichukua chungwa mkononi mwangu, akaanza kulimenya.

Jumapili iliyofuata alisimama kusoma habari za Yoshua. Alipofika mahali jua linaposimama, sauti ilimkatika. Waumini walingoja. Mama aliinamisha kichwa. Baba akanitazama mimi, kana kwamba ndimi ninayejua neno linalofuata, nami nilikuwa mtoto tu.