Nyundo ya Jirani

Fundi viatu wa mlango wa pili hubana misumari midomoni, na kila kinachogonga anakijua kwa jina la dansi yake. Nikitwanga, husema, "Dada, hiyo chacha." Nikifua, "Sasa umeingia rumba, na wewe mtu wa kanisa." Namwambia kwamba Mungu anamsikia, naye hucheka bila kuangusha hata msumari mmoja.

Tangu mkewe aangushwe na ugonjwa, yuko kitandani nyuma ya pazia, na fundi hugonga soli kwa kufuata pumzi zake. Wifi akivuta, nyundo inapanda. Akishusha, nayo inashuka. "Bolero," huniambia nikileta uji. "Taratibu, lakini hakosei."

Jumanne nilimkuta ametega sikio.

"Leo mdundo gani, kaka?"

"Anaruka mapigo, dada. Huu siujui."

Nikaweka bakuli chini, nikaanza kuomba kimoyomoyo. Nyuma ya pazia wifi akavuta pumzi, nyundo ikapanda. Tukasubiri. Uji ukaanza kufanya utando. Mkono wa fundi ulikuwa bado juu, na misumari ikimdondoka midomoni mmoja mmoja.